Homa imeshuka, lakini je, nimonia imepona?

MISIGIRI, Iramba. Siku ya pili ya dawa homa imeshuka. Mtoto ameomba uji, sasa anakimbiza kuku uani. Mama anazitazama tembe zilizobaki, anazifunga vizuri na kuziweka juu ya kabati. Zitafaa siku nyingine.

Hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Misigiri, njia panda ya kwenda Kiomboi kutoka barabara ya Singida na Nzega, hupata baridi na upepo mkali kila kipupwe, na kazi za mavuno haziishi. Mtoto akichangamka kidogo, mzazi hushukuru na kurudi shambani. Lakini homa kushuka ni dalili moja tu. Nimonia hukaa kwenye mapafu, na mapafu hupimwa kwa pumzi.

Kipimo hicho hakihitaji mashine. Mtoto awe ametulia au amelala, asiwe ananyonya wala kulia. Mfunue nguo, washa saa ya simu, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka mno. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Andika hesabu hiyo asubuhi na jioni, pamoja na mambo mawili: amekula? Amecheza?

Baada ya siku mbili hadi tatu za dawa, hesabu inapaswa kuwa imepungua, homa imeshuka na hamu ya kula inarudi. Ikiwa haijabadilika, mrudishe zahanati na karatasi yako. Itamsaidia mganga kuamua kama dawa ibadilishwe.

Ikiwa amepata nafuu, dozi iendelee mpaka siku ya mwisho aliyoandikiwa. Ukiikatisha, ugonjwa unaweza kurudi. Wala tembe za akiba si za mdogo wake: dozi hupangwa kwa umri na uzito.

Kikohozi huchelewa kuondoka. Kikizidi wiki mbili, arudi akapimwe, ikiwemo kifua kikuu.

Bibi na babu nao hupona polepole. Miongozo ya Uingereza huwaeleza wagonjwa wazima hivi: homa iishe ndani ya wiki 1, maumivu ya kifua na makohozi yapungue sana kufikia wiki ya 4, kikohozi na kuhema, wiki ya 6. Uchovu unaweza kudumu hadi miezi 3 au zaidi. Kwa hiyo babu anayechoka mapema baada ya mwezi si mvivu.

Dalili nyingine hazisubiri hesabu. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea na kuwa mgumu kuamka, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kinga ipo: chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, hutolewa kliniki wiki ya 6, 10 na 14.

Na zile tembe juu ya kabati? Zishushwe. Jioni hii bado ni zamu yake.