Kilo Mbili Huenda, Kilo Nne Hurudi: Mpunga wa Jadi wa Delta ya Kaveri na Sahani ya Mgonjwa

Katika kijiji cha Adirengam, wilaya ya Thiruvarur, jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, lilianzishwa mwaka 2006 tamasha la mpunga ambalo sharti lake ni moja tu. Mkulima anayehudhuria hupewa kilo mbili za mbegu ya jadi bila malipo. Akishavuna, anatakiwa kurejesha kilo nne, ili wakulima wengine wawili nao wapate. Hakuna karatasi ya deni wala riba ya fedha. Mbegu yenyewe ndiyo mtaji, na heshima ya mtu mbele ya wenzake ndiyo dhamana.

Mwanzilishi wa utaratibu huo alikuwa mkulima aitwaye Jayaraman. Watu walimzoea kwa jina la Nel Jayaraman, na neno *nel* kwa Kitamili ni mpunga. Msomaji wa Kiswahili ataipenda lugha hiyo kwa jambo moja: kama sisi tulivyo na mpunga shambani, mchele gunia na wali mezani, Watamili nao wana *nel*, *arisi* na *soru*. Jamii inayokipa chakula kimoja majina matatu imeishi nacho kwa karibu. Tofauti hiyo ya majina ina faida hata kwa daktari, kwa sababu mengi yanayohusu afya ya mlaji hutokea pale mpunga unapogeuka kuwa mchele.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Jayaraman alitembea vijiji vya delta ya mto Kaveri pamoja na G. Nammalvar, mtaalamu wa kilimo aliyeiacha kazi yake katika kituo cha utafiti na kuwa mhubiri wa kilimo hai. Katika matembezi hayo wazee walimpa mbegu ambazo walikuwa wamebaki nazo kidogo kidogo, nyingine ujazo wa kibaba tu. Kufikia kifo chake, Desemba 2018, alikuwa amekusanya na kurudisha shambani aina zaidi ya 170. Alifariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 50. Jambo hilo linatajwa hapa kwa sababu wapo wanaouza mchele wa jadi kwa kudai kwamba unakinga saratani, na wapo wanaoweza kukitumia kifo chake kuikejeli kazi yake. Makundi yote mawili yanakosea. Maisha ya mtu mmoja hayathibitishi wala hayakanushi hoja ya kitabibu.

Mbegu hizo zilikuwa zimepotea kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1966 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, ilitoa mbegu ya IR8. Ilikuwa na shina fupi na gumu. Ikipewa mbolea ya chumvichumvi kwa wingi, ilijaza masuke bila kuanguka. Mpunga wa jadi ni mrefu. Ukipewa urea nyingi huota majani kwa pupa, kisha hulala matopeni kabla ya kukomaa. India ya wakati ule ilikuwa imeguswa na ukame na uhaba wa nafaka, na si haki kuwalaumu waliochagua kushiba. Lakini mbegu mpya haikuja peke yake. Ilihitaji mbolea ya viwandani. Shamba lenye majani mabichi na laini liliwavutia wadudu. Wadudu wakaleta viuatilifu. Na mkulima akajikuta amebeba bomba la kupulizia mgongoni msimu hadi msimu.

Hapo ndipo mbegu ya jadi na kilimo hai vinapokutana, na huo ni ukweli wa mmea zaidi ya itikadi. Mpunga mrefu ulichaguliwa na wakulima kwa karne nyingi kabla ya kuwapo kwa urea, hivyo samadi na mboji huutosha. Nyasi zake ndefu hulisha ng'ombe, na ng'ombe hurudisha samadi jarubani. Aina iitwayo Kattuyanam, maana yake tembo wa mwituni, hurefuka kiasi kwamba wakulima husema tembo anaweza kujificha ndani yake. Hukaa shambani karibu miezi sita, na mafuriko ya mvua za mwisho wa mwaka yanapoifunika delta, yenyewe husimama juu ya maji huku mbegu fupi zikioza. Kwa mkulima asiye na bima, sifa hiyo ni kubwa kuliko magunia ya ziada ya mwaka mzuri.

Badala ya dawa za dukani, wengi wa wakulima hao hutumia panchagavya, mchanganyiko uliovundikwa wa samadi ya ng'ombe, mkojo, maziwa, mtindi na samli. Aliyeueneza kwa matumizi ya shambani ni daktari wa tiba, K. Natarajan wa mji wa Kodumudi. Mhudumu wa afya hatakosa kuongeza neno hapa: kitu chenye samadi mbichi na maziwa mabichi kinahitaji mikono kuoshwa kwa sabuni, na hakipaswi kunyunyizwa kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama kwa kila njia.

Faida ya kwanza ya kiafya ya mpunga huu, basi, haiko sahanini. Iko katika mwili wa anayelima. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi, na mwenye sumu hiyo huletwa akitokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zikiwa zimesinyaa, kifua kikikoroma, misuli ikitetemeka. Atropini ikichelewa, hupoteza maisha. Kila mganga wa zahanati iliyo karibu na mashamba ya umwagiliaji anaijua sura hiyo. Iko pia ile isiyo na kishindo: kichwa kinachouma kila baada ya kupulizia, kizunguzungu, kichefuchefu, ambavyo mgonjwa huviita uchovu na mara nyingine hutibiwa kama malaria. Mahali ambapo chupa ya sumu haimo ndani ya nyumba, mtoto haiokoti, na mtu aliyekata tamaa saa nane ya usiku haikuti karibu na mkono wake. Kwa wanaofanya kazi ya kinga, hoja hiyo peke yake inatosha kukitazama kilimo hai kwa makini.

Sahani ina hesabu yake nyingine, na hapo ndipo tahadhari inahitajika.

Punje ya mchele ina kiini cheupe cha wanga, kiinitete, na tabaka la pumba linalovifunika. Vitamini za kundi B, nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya madini vimo katika pumba na kiinitete. Mashine ya kukoboa huondoa ganda la nje. Ikiendelea kusugua, huondoa na hivyo vingine, na mchele hutoka mweupe unaong'aa. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Batavia katika kisiwa cha Java, Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu, na wale waliolishwa mchele usiong'arishwa wakipona. Ndivyo ilivyoanza kufahamika kwamba beriberi hutokana na kukosekana kwa kitu kilichomo kwenye pumba, ambacho leo kinaitwa thiamini au vitamini B1. Eijkman alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Watamili wengi walikuwa na kinga ya jikoni bila kulijua jina la vitamini: huuchemsha mpunga ungali na ganda lake, huuanika, ndipo huukoboa. Joto na maji husukuma sehemu ya vitamini hizo ndani ya kiini, na mashine haiwezi kuzitoa zote.

Msomaji anayejua tofauti ya dona na sembe ameshaelewa. Mchele mwekundu wa jadi kama Mappillai Samba, yaani mchele wa bwana harusi, ambao simulizi husema uliliwa na vijana waliopaswa kunyanyua jiwe zito kabla ya kupewa mke, una wekundu wake katika tabaka la pumba. Humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na kemikali za rangi zinazosifiwa. Ukipelekwa mashineni ukasuguliwa mpaka uwe mweupe, kinachobaki ni jina na hadithi ya jiwe. Mteja analipa bei ya mchele wa jadi na kula wanga uleule.

Kuhusu kisukari, Tamil Nadu ni mahali pa kufaa kujifunzia. Makadirio ya kitaifa yaliyochapishwa mwaka 2023 yaliweka idadi ya watu wenye kisukari nchini India kuwa milioni 101. Huko Chennai, timu ya daktari Viswanathan Mohan iliwalisha watu wazima wenye uzito uliozidi mchele mweupe kwa siku kadhaa na usiokobolewa kwa siku nyingine, kisha ikapima sukari zao mfululizo. Mpando wa sukari ulikuwa chini kwa takriban asilimia 20 walipokula ule usiokobolewa. Kundi lilikuwa dogo, na matokeo ni ya siku chache, lakini yanaendana na fiziolojia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu zaidi ya 130,000 katika nchi 21, uliona kwamba waliokula wali mweupe gramu 450 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyozidi kwa asilimia 20 ile ya waliokula chini ya gramu 150. Katika Asia ya Kusini pengo hilo lilifika asilimia 61.

Yaliyopimwa hapo ni ukoboaji na kiasi. Jina la mbegu halikupimwa, wala kama shamba lilikuwa la kilimo hai. Aina za mpunga hutofautiana kweli katika wanga wake. Zenye amilosi nyingi humeng'enywa polepole zaidi, na baadhi ya zile za jadi ni za namna hiyo, ilhali nyingine, hasa zinazonata zikipikwa, sivyo kabisa. Kwa hiyo mgonjwa anayeingia kliniki na pakiti ya mchele mwekundu akiuliza kama sasa anaweza kuacha metformini anastahili jibu lisilozunguka: hapana. Wali mwekundu ni wali. Sahani iliyojaa mpaka ukingoni itapandisha sukari, ingawa kwa mwendo wa pole. Maswali yanayomsaidia zaidi ni mawili: mchele wako unakobolewa kiasi gani, na unapakua kiasi gani? Mwenye kubadilisha chakula ilhali anatumia insulini apime sukari yake mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo.

Aina iitwayo Poongar kwa desturi hupewa wajawazito na waliojifungua. Hakuna sababu ya kumkataza mama. Ila madini chuma yaliyomo katika mchele wowote ni machache, na pumba ina fitati inayozuia ufyonzwaji wake. Mama aendelee na vidonge vyake vya FEFO, na apate mboga za majani, dagaa na maharage pembeni. Pumba hukusanya pia aseniki kuliko kiini, hasa katika maeneo ambako udongo au maji ya kumwagilia yana madini hayo. Kupika kwa maji mengi na kuyamwaga hupunguza sehemu yake. Na kwa kuwa mchele wenye pumba una mafuta, huchacha mapema. Ununuliwe kidogo kidogo.

Wafanyakazi wa mashamba ya delta wana kifungua kinywa chao cha kale, *pazhaya soru*: wali wa jana uliolala ndani ya maji, unaoliwa asubuhi kwa kitunguu na pilipili mbichi. Kwetu kingeitwa kiporo. Wali unapopoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kumeng'enywa, na uchachu huongeza ladha na vijidudu rafiki. Lakini wali ulioachwa saa nyingi kwenye joto hustawisha pia bakteria aina ya *Bacillus cereus*, ambaye sumu yake ya kutapisha haiondoki hata wali ukipashwa moto. Wenye friji wautumie friji. Wasio nayo watie maji safi mara tu wali unapopoa, na wamalize asubuhi hiyo hiyo.

Tamasha la mbegu limeendelea baada ya Jayaraman. Jambo ambalo halijapata ufumbuzi ni bei. Mavuno ya aina nyingi za jadi ni madogo kuliko ya mbegu za kisasa, na mkulima hawezi kuziuza kwa bei ileile akaishi. Katika maduka ya Chennai mchele huo umefungwa kwenye pakiti ndogo zenye maneno mengi kuhusu afya, na wanunuzi ni watu wa mjini wenye kipato. Wanawake wanaoinama siku nzima jarubani kuupandikiza na kuupalilia wana kadi ya mgawo. Tangu mwaka 2011 serikali ya Tamil Nadu huwapa wenye kadi mchele bure, kwa kawaida kilo 20 kwa mwezi kwa familia. Mchele huo umewaokoa wengi na njaa, nao ni mweupe. Jioni, wakitoka shamba la Mappillai Samba, huo ndio wanaokwenda kuupika.