Ahadi ya nyumba ni deni, nayo ilipwe kwa wakati

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nitoe dukuduku langu juu ya ucheleweshaji wa nyumba mpya ambazo wananchi tunazilipia kabla hazijamalizika kujengwa. Nina hakika kuwa si mimi peke yangu niliyefikwa na jambo hili.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Chwaka. Mke wangu ni muuguzi mjini, na watoto wanasoma huko huko. Kwa hiyo tumepanga nyumba ya vyumba viwili ng'ambo ya mji, nami kila asubuhi napanda gari ya shamba kupitia Mwera na Dunga hadi kazini. Tulikubaliana kununua nyumba ya ghorofa ambayo kampuni moja ilikuwa inaijenga. Nilichukua mkopo unaokatwa katika mshahara wangu, na mke wangu akatoa akiba yake yote.

Mkataba ulisema tutakabidhiwa funguo baada ya miezi 18. Siku ya kutia saini tulilipa asilimia 30 ya bei. Kila baada ya miezi mitatu tulilipa asilimia 15, mara nne. Kwa hiyo ulipotimia mwaka mmoja tulikuwa tumelipa asilimia 90, na jengo lenyewe lilikuwa bado halijafika ghorofa ya pili. Leo ni mwezi wa 34. Nyumba imeezekwa, lakini haina milango, maji wala umeme.

Kila tukienda kuuliza tunapewa sababu mpya. Kwanza tuliambiwa saruji imeadimika. Halafu fundi mkuu amebadilishwa. Sasa inangojewa transfoma. Sisemi kuwa sababu hizi zote ni za uongo. Kila mtu anajua kuwa sehemu kubwa ya saruji na nondo zetu huvuka bahari kabla ya kufika hapa, na mchanga wa kujengea kisiwani mwetu ni haba na huchimbwa kwa kibali. Lakini mambo haya yalijulikana tangu zamani. Anayeuza nyumba kwa ahadi ya miezi 18 anapaswa kuyatia katika hesabu yake kabla ya kupokea fedha za watu.

Hasara ya kungojea ni ya mnunuzi peke yake. Kodi tunayolipa ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 16 iliyozidi, hiyo ni shilingi 3,200,000, hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la nne anaiweza. Wakati huo huo makato ya mkopo hayasimami. Tunalipia nyumba mbili na tunalala katika moja.

Jambo linaloniuma zaidi limo katika mkataba. Kimeandikwa kifungu kuwa mnunuzi akichelewa kulipa kwa siku 30 atatozwa faini. Juu ya muuzaji kuchelewa kukabidhi nyumba haikuandikwa hata herufi moja. Tulipotaka kifungu hicho kiongezwe, tuliambiwa mkataba ni mmoja kwa wanunuzi wote, asiyeutaka aache. Je, huo ni mkataba wa pande mbili, au ni amri ya upande mmoja?

Wako watakaosema kuwa majengo makubwa huchelewa kila mahali. Ni kweli. Mpango wa Nyumba za Maendeleo za Michenzani, zilizojengwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ulianza miaka ya 1960 wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, na kazi iliendelea baada ya yeye kufariki mwaka 1972. Lakini waliohamia kule hawakuwa wamekopa benki na kulipa asilimia 90 ya bei kabla ya ghorofa ya pili kusimama. Huko Dar es Salaam, miradi ya Morocco Square na Kawe 711 ya Shirika la Nyumba la Taifa ilisimama mwaka 2018 kwa kukosa fedha, na ilipita miaka kabla ya kuanza tena. Ikiwa shirika la umma lenye umri tangu mwaka 1962 linaweza kukwama, basi kampuni changa inayotegemea fedha za wanunuzi inaweza kukwama zaidi. Ndiyo sababu inatakiwa kinga.

Kinga hiyo si jambo la kubuni. Dubai ilitunga sheria mwaka 2007 kuwa fedha za wanunuzi wa nyumba zisizomalizika ziwekwe katika akaunti maalumu ya mradi, zisitumike kwa jambo jingine. India, kwa sheria yake ya mwaka 2016, inataka asilimia 70 ya fedha hizo ziwekwe kando kwa ajili ya ardhi na ujenzi wa mradi ule ule. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, nayo ilitoa sheria ya akaunti za namna hiyo mwaka 2018. Sisi Zanzibar tunayo sheria ya mwaka 2010 juu ya umiliki wa sehemu za majengo ya pamoja. Ni sheria nzuri, lakini hati ya kumiliki sehemu ya jengo inamfaa mtu ambaye jengo lake limekwisha.

Kwa hiyo natoa ushauri kwa wahusika. Kwanza, mnunuzi alipe kwa hatua ya kazi, si kwa tarehe: msingi ukikamilika alipe, kuta zikisimama alipe, paa likiezekwa alipe. Hivyo ndivyo tunavyowalipa mafundi waashi hapa Chwaka, na hakuna fundi anayelipwa paa wakati yuko kwenye msingi. Pili, mkaguzi asiyekuwa mtu wa muuzaji athibitishe kila hatua. Tatu, fedha zikae katika akaunti ya mradi. Nne, faini ya kuchelewa iwe kwa pande zote mbili, na itoshe angalau kodi ya mnunuzi anayengojea.

Nasi wanunuzi tuache kwenda ofisini mmoja mmoja. Jengo letu lina wanunuzi wengi, na kila mmoja huambiwa maneno yake. Tukienda pamoja tukiwa na karatasi zetu, tutajibiwa jibu moja, nalo liandikwe.

Subira tunayo, na tumeionyesha. Lakini ahadi ni deni, na deni lina siku ya kulipwa.

Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Chwaka, Unguja.