Mstari wa Uzito Katika Kitabu cha Mtoto

Leo chukua kile kitabu cha kliniki ufungue ukurasa wenye mistari iliyopinda kuelekea juu. Wengi hudhani ukurasa huo ni wa daktari. Ni wako pia.

Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, kuna miezi ya umri. Kando, kutoka chini kwenda juu, kuna kilo. Mtoto akipimwa, muuguzi hutia nukta pale mwezi na kilo zinapokutana, kisha huiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Huo ndio mstari wa mtoto wako. Mistari iliyochapishwa tayari huonyesha jinsi watoto wenye afya wanavyokua. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa vipimo hivyo mwaka wa 2006 baada ya kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Wasichana wana ukurasa wao na wavulana wao, kwa hivyo hakikisha nukta zimetiwa mahali pake.

Kwa nini tusiridhike na kilo za leo tu? Tuchukue mfano wa wasichana wawili wa miezi 10, kila mmoja ana kilo 8. Wa kwanza alikuwa na kilo 7 akiwa na miezi 7, na mstari wake umekuwa ukipanda. Wa pili wakati huo alikuwa na kilo 8.2. Mstari wake ulilala, sasa unashuka. Ukiwabeba, huwezi kuwatofautisha. Majirani watakuambia wote wanene. Lakini wa pili ana shida, na mstari umeiona kabla ya macho.

Mstari ukilala, mara nyingi chanzo ni kuhara, malaria, kikohozi kisichoisha, au uji mwepesi baada ya miezi 6, wakati maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena. Uji unaomwagika kama maji hujaza tumbo tu. Uwe mzito, utiwe njugu zilizosagwa, maziwa au mafuta kidogo. Mpe pia yai, maharagwe yaliyopondwa au omena, na uendelee kunyonyesha hadi miaka 2. Mwulize muuguzi waziwazi: "Mstari wa mtoto wangu unaelekea wapi?" Ukiwa umelala au unashuka, usiondoke kabla ya kuelezwa sababu.

Kuna jambo moja ambalo mizani haiwezi kukuambia. Mtoto mwenye utapiamlo akivimba miguu, maji yale huongeza kilo na mstari waweza hata kupanda. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba. Vikibaki vishimo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Tena, akina mama wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi 9, warudi ile ya miezi 18. Nukta mbili zilizoachana hivyo huunganishwa kwa mstari mnyoofu, kana kwamba hakuna lililotokea katikati. Huenda mtoto alikonda miezi minne na hakuna aliyejua. Mpeleke kila mwezi, hata kama hakuna sindano.

Kipindi kijacho tutapika uji pamoja. Andaa sufuria.