Mbweha anakula nini hasa? Soma kabla hujatega sumu

Vijana wafugaji wa Muleba, mtoto wa mbuzi akipotea tu, lawama ni kwa mbweha. Haya, tuangalie chakula chake. Mbweha miraba hula zaidi panya, wadudu, matunda na mizoga. Kule Serengeti, mbweha mgongo-mweusi huwinda watoto wa swala tomi: mmoja anamhangaisha mama, mwenzake anakamata mtoto. Swala mzima mwenye afya kwa kawaida si saizi yake. Kwa mbuzi ni hivyo hivyo, hatari ipo zaidi siku za mwanzo. Basi hesabu siku 150 tangu apandwe, azalie bandani, na kondo la nyuma lifukie. Sumu achana nayo: itaua mbwa wako, na panya watabaki na mahindi yako.