Pesa ipo, nyumba ya ndoto Kampala uinunue kilima gani?

KAMPALA. Basi la usiku kutoka Mutukula, Katuna au Busia lina mazungumzo yake. Huanza na bei ya bidhaa, yakahamia kwenye ushuru na foleni ya mpakani, na kabla ya alfajiri yamefika kwenye nyumba: nani anajenga wapi, na wewe ungepewa fedha zote unazotaka ungechagua mtaa gani. Ni maneno ya kupitishia usiku, lakini yana uzito kwa mtu anayelala Kampala siku kumi kila mwezi na kulipia gesti mwaka hadi mwaka.

Kololo hutajwa kwanza. Ni kilima cha balozi, miti mikubwa na kuta ndefu, na ni katika uwanja wake bendera ya Uganda ilipopandishwa Oktoba 9, 1962. Jirani yake ni Nakasero, wenye ikulu ndogo ya rais juu na soko la matunda na mboga chini. Vilima hivi vilipangwa enzi ya mkoloni, viwanja vyake ni vipana, na kodi ya nyumba nyingi hutajwa kwa dola. Kasoro ni kwamba Kololo ya leo si ya kulala tu. Nyumba nyingi zimegeuzwa ofisi, migahawa na baa, na anayetaka usingizi wa Ijumaa achague kwa makini asogee mbali na muziki.

Wanaopenda kuona ziwa hupanda Muyenga, ambako matangi ya maji yako kileleni na wenyeji hupaita Tank Hill. Mandhari ni ya kweli, maji ya Victoria yanaonekana kutoka kwenye roshani. Barabara za ndani ndizo zinazokatisha tamaa: nyembamba, zenye miinuko na kona kali, kana kwamba nyumba zilijengwa kwanza na njia ikatafutwa baadaye.

Wengine husema kwa nini utazame ziwa kwa mbali, nenda Munyonyo ukae kando yake. Eneo hilo lilipata jina zaidi baada ya mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola wa mwaka 2007, na sasa lina tawi la barabara ya kulipia inayoelekea Entebbe. Ila nyumba inayogusa maji ina mambo mawili. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, hivyo ukuta ulio ndani ya ukanda huo unaweza kuwa na kesi hata kama una rangi nzuri. Pili, ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi yakaingia kwenye nyumba na hoteli za ufukweni.

Mfanyabiashara, hata hivyo, hatafuti upepo wa ziwa peke yake. Mzigo wake unatoka au unaingia Kikuubo, mtaa wa jumla ulio karibu na vituo vya mabasi, na mara nyingi hupakiwa usiku. Nyumba yake ya ndoto ina geti linalopitisha Fuso, ua wa kugeuzia gari, stoo isiyoingiza unyevu na chumba cha wageni kwa ndugu na wateja wanaofika bila taarifa. Kwa hesabu hiyo Naguru na Bugolobi vinaishinda Kololo. Naguru uko juu ya Nakawa, yaliko makao makuu ya Mamlaka ya Mapato, na Barabara ya Jinja inayokwenda Busia na Malaba iko chini yake. Bugolobi uko jirani na eneo la viwanda.

Mpaka hapo ni ndoto, na ndoto haiombi kitambulisho. Ofisi ya ardhi inaomba.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 20, 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa nchi mwanachama anayefanya kazi au biashara haki ya kuishi katika nchi nyingine ya jumuiya. Hiyo iko kifungu cha 14. Geuza kwenye kifungu cha 15 na utakuta ardhi na majengo yameachwa kwa sera na sheria za kila nchi. Wakuu walifungulia nyanya, saruji na vitenge njia, wakaliacha shamba la kila mtu nyuma ya ua wake.

Kwa Uganda, ua huo ni kifungu cha 237 cha Katiba ya 1995. Ardhi ni mali ya raia. Asiye raia anaweza kukodi tu, na Sheria ya Ardhi ya 1998 imeweka ukomo wa miaka 99. Mkenya, Mtanzania na Mnyarwanda wote wamo kwenye kapu hilo, na kampuni inayodhibitiwa na wageni nayo huhesabiwa mgeni. Mganda akivuka mpaka hapati nafuu: Kenya nayo inampa asiye raia miaka isiyozidi 99, na Tanzania Bara humpa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu.

Kampala ina fundo lake la ziada, nalo ni mailo. Asili yake ni mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, uliogawa ardhi kwa maili za mraba. Kwenye ardhi hiyo mmoja anaweza kuwa na hati na mwingine akawa na kibanja, na sheria inawalinda wote wawili. Aliyekaa na kuitumia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 haondolewi kwa sababu tu mgeni ameleta fedha. Dalali hukuonyesha nyasi zilizokatwa vizuri. Mgomba wa jirani ulio ndani ya mpaka hautaji.

Kwa sababu hizi wapo wanaochukua njia ya mkato, yaani kuandikisha nyumba kwa jina la rafiki, shemeji au mshirika wa biashara aliye raia. Ni hatari kuliko mkopo wa riba. Kwenye daftari la serikali mwenye mali ni yule aliyeandikwa. Akifariki, warithi wake hawajui makubaliano ya chumbani. Akiweka hati rehani benki, benki haitauliza ni nani aliyelipa mafundi. Na kama ni nyumba anayoishi na mwenzi wake, haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi huyo.

Mwenye fedha kweli atumie kidogo kwa wakili na mpima ardhi wasioletwa na muuzaji. Barua ya mwenyekiti wa LC ni utambulisho mzuri wa jirani, si hati. Upekuzi kwenye ofisi ya ardhi huonyesha jina la mmiliki, mkopo au zuio lililowekwa, na aina ya umiliki. Vipimo navyo visikuchanganye: Kampala huhesabu kwa desimali, yaani ekari moja iliyogawanywa mara 100, na kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinakaribia desimali 12.

Halafu kuna miaka. Hati ya ukodishaji ya miaka 49 iliyotolewa mwaka 1995 inakwisha 2044, na nyumba ya Naguru iliyojengwa juu yake, hata iwe na bwawa la kuogelea, inauzwa pamoja na miaka iliyobaki hiyo hiyo. Dalali aulizwe hilo kabla hajataja bei.