Mjumbe hauawi: Ubalozi ukivamiwa Kinshasa, nawe umeguswa

Hebu vuta picha. Uko nchi ya watu, pasipoti imeibwa, pesa zimeisha na humjui yeyote. Utakimbilia wapi? Ubalozini, bila shaka. Sasa fikiria unafika na kukuta umati langoni, moshi umetanda, na waliokuwa ndani wanatafuta pa kujificha.

Hayo yalitokea Kinshasa, mji mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Januari 28, 2025. Waandamanaji walivamia balozi za Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani na Uganda. Na ndio, hata wetu wa Kenya haukusazwa. Uliporwa.

Kisa na maana? Siku moja kabla, waasi wa M23 walikuwa wameingia Goma, zaidi ya kilomita 1,500 mashariki. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema waasi hao wanasaidiwa na jeshi la Rwanda, madai ambayo Kigali inayakana. Vijana wa Kinshasa waliona dunia imekunja mikono huku nchi yao ikimegwa. Wakamalizia hasira kwa yeyote aliyekuwa karibu.

Sisi je, tuliingiaje? Kumbuka Desemba 2023. Corneille Nangaa, aliyewahi kuongoza tume ya uchaguzi ya Congo, alizindua muungano wake na M23 katika hoteli moja hapa Nairobi. Kinshasa ilikasirika hadi ikamwita balozi wake nyumbani. Kwa hivyo Kenya ilipojitokeza kama mpatanishi, wengi kule walishaanza kutuangalia kwa jicho la pembeni.

Hapa kuna kitu wengi wetu hukosea. Utasikia mtu akisema ubalozi ni "ardhi ya nchi nyingine". Zii! Ardhi ni ya mwenyeji. Ila Mkataba wa Vienna wa 1961, kifungu cha 22, unasema hata polisi wa mwenyeji hawaingii bila ruhusa, na ni jukumu lake kuulinda usivamiwe. Kifungu cha 45 kinaenda mbali zaidi: hata nchi mbili zikikatiana uhusiano, au zikipigana vita, jengo lile bado lazima liheshimiwe.

Wazee wetu walishayasema haya kitambo bila kwenda Vienna: mjumbe hauawi. Si kwa sababu mjumbe ni mtu mzuri sana. Ni kwa sababu ukimuua, kesho ukitaka amani utamtuma nani, na atapokelewa na nani?

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku iliyofuata, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana kwa njia ya mtandao, Rais William Ruto akiwa mwenyekiti. Rais Félix Tshisekedi hakuhudhuria. Mlango wa mazungumzo ulibana wakati ule ule watu wa Goma, wanaoongea Kiswahili kama wewe, walikuwa wakiuhitaji zaidi.

Mimi siwezi kujifanya siielewi hasira ile. Kizazi kilichoingia barabarani Juni 2024 kinajua maana ya kupiga kelele na kutosikizwa. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mkubwa ukweli na kubeba kompyuta ya karani wa viza. Karani hakutuma jeshi Goma.

Basi, klipu kama ile ikifika tena kwenye simu yako, usikimbilie kuandika "Wacongo warudi kwao". Kinyozi wako Mcongo pale Kasarani hakurusha jiwe. Huenda yeye ndiye aliyeikimbia Goma. Muulize nyumbani kukoje, kisha unyamaze umsikize. Ubalozi ukifungwa, wewe na yeye ndio mtabaki kuwa mabalozi.