Kitambi Si Dalili ya Doo: Vile Mafuta ya Tumbo Yanaharibu Mishipa Yako

Ngamia amebeba mafuta yake mgongoni na hana noma na mtu. Ile nundu si tanki la maji vile wasee wengi hudhani. Ni akiba ya mafuta ya siku za ukame. Wewe huna nundu. Akiba yako inaenda tumboni, inazunguka ini na utumbo, na hapo ndipo shida huanzia.

Garissa kitambi kina heshima. Ukirudi nyumbani umenona, watu wanasema maisha imekukubali. Ukikonda, wanauliza kama unaumwa. Lakini wazee walikula nyama na maziwa ya ngamia huku wakitembea siku nzima nyuma ya mifugo. Sisi tumebakisha dishi tu, miguu tumewachia tuktuk. Asubuhi anjera na chai ya sukari, mchana wali na nyama ya mbuzi, jioni miraa na soda hadi usiku, na umekaa chini tu.

Sasa cheki. Mafuta si mzigo umelala tu hapo. Ni kiwanda cha homoni. Mwaka wa 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua moja inaitwa leptini. Kazi yake ni kuambia ubongo: akiba iko, wacha kumanga. Shida ni kwamba mafuta yakizidi, leptini inakuwa kibao mpaka ubongo unaacha kuiskiza, kama vile unazoea jenereta ya jirani. Njaa inabaki, na leptini hiyo ya ziada inasukuma presha juu.

Kuna nyingine inaitwa adiponektini. Hii ni beshte yako: inasaidia insulini kufanya kazi na inatuliza kuta za mishipa. Lakini kitambi kikikua, yenyewe inapungua. Mlinzi akishatoka, mafuta ya tumbo yanamwaga kemikali za kuchokoza mishipa. Kuta zinaumia, kolesteroli inajipenyeza, uchafu unajijenga pole pole kwa miaka. Siku ukipasuka, damu inaganda hapo. Ikiziba mshipa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Ikiziba wa ubongo, ni kiharusi.

Na usingoje kuhisi kitu, presha haipigi hodi. Utafiti wa serikali wa 2015 ulipata zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha hata mara moja.

Cha kufanya? Chukua futi ya fundi wa nguo, jipime kiuno. Mwanaume akipita sentimita 94, mwanamke 80, hiyo ni onyo. Tembea, punguza sukari, pima presha. Kitambi kikishuka, adiponektini inarudi kazini.

Na ukiona abti uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, ulimi umekuwa mzito, usiseme ni jini halafu mngoje asubuhi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa. Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Piga hesabu mwenyewe, halafu uone kama si rahisi kuanza na hiyo futi leo.